Mzee Anavilia Damu Bila Kugongwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hemofilia ya Ukubwani

Maswali haya huulizwa na familia zilizokaa kando ya kitanda cha mgonjwa, na mengine huulizwa na wauguzi na madaktari ambao pengine watauona ugonjwa huu mara moja tu katika maisha yao yote ya kazi. Nimejibu kwa urefu pale ambapo watu hukosea sana. Kwingine nimepita haraka.

Huu ni ugonjwa gani hasa?

Mtu akijikata, damu yake huganda kwa msaada wa protini nyingi zinazoamshana moja baada ya nyingine. Mojawapo ni faktari ya nane. Katika hemofilia ya ukubwani, kinga ya mwili inaigeukia protini hiyo na kuitengenezea kingamwili, yaani protini ya kuishambulia. Mwili bado unaitengeneza faktari ya nane, ila kila inapotoka inadakwa kabla haijafanya kazi.

Ni ugonjwa adimu: katika kila watu milioni moja, huwapata mmoja au wawili kwa mwaka. Wengi wao wamevuka miaka 65, na umri wa kawaida wa kugunduliwa ni katikati ya miaka ya sabini. Lipo pia kundi dogo la wanawake wanaoupata wakiwa wajawazito au miezi michache baada ya kujifungua, lakini hapa nazungumzia wazee.

Si tunaambiwa hemofilia ni ya kurithi na huwapata watoto wa kiume?

Hiyo ni nyingine. Zinachangia jina kwa sababu zote mbili zinahusu faktari ya nane. Ile ya kurithi hutokana na hitilafu ya jeni, huanza utotoni, na sifa yake ni damu kuvujia kwenye viungo kama magoti na viwiko. Hii ya ukubwani huwapata wazee wa kike na wa kiume bila ubaguzi, damu huvujia zaidi chini ya ngozi na ndani ya misuli, na viungo huguswa kwa nadra.

Kwa hiyo kuuliza "kuna mtu kwenu mwenye hemofilia?" hakusaidii sana. Swali linalosaidia ni hili: huko nyuma alishawahi kutoka damu kupita kiasi? Bibi aliyejifungua mara sita, akang'olewa meno, akafanyiwa operesheni ya ngiri bila tatizo lolote, halafu leo mkono mzima umegeuka zambarau kwa sababu tu amepimwa presha, historia yake imeshasema nusu ya jibu. Kuna kitu kipya ndani ya damu yake.

Je, watoto na wajukuu wapimwe?

Hapana. Haurithiwi wala hauambukizi.

Unasababishwa na nini?

Karibu nusu ya wagonjwa hawaonekani kuwa na sababu yoyote, hata wakichunguzwa vizuri. Waliobaki hukutwa na ugonjwa mwingine ulioichokoza kinga: baridi yabisi, lupasi (ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe), saratani ya kiungo fulani au ya damu, magonjwa ya ngozi yenye malengelenge, na mara chache dawa fulani. Ndiyo maana daktari akishathibitisha ugonjwa huu ataanza kutafuta mengine, ikiwemo saratani. Familia hushtuka hapo. Msishtuke kabla ya majibu. Ni utaratibu wa kawaida kwa kila mgonjwa wa aina hii.

Dalili zake zikoje?

Ya kwanza ni ngozi. Mavilio makubwa, mapana kuliko kiganja, yanatokea bila mtu kukumbuka amejigonga wapi. Yanaanza kwenye kigasha, yanashuka hadi kwenye vidole, rangi ikihama kutoka nyekundu kwenda zambarau, kijani, hadi manjano, na kabla la kwanza halijapona la pili limeshatokea kwenye paja. Mahali palipochomwa sindano panaendelea kuchuruzika hata baada ya kugandamizwa kwa muda mrefu. Wengine huanza kwa mkojo wa damu, choo cheusi kama lami, au damu ya pua isiyokatika.

Kinachotisha zaidi ni kile kisichoonekana. Damu ikivujia kwenye msuli mkubwa ulio nyuma ya tumbo, mzee hulalamika maumivu ya kinena au nyonga, hawezi kunyoosha mguu, na paja linakufa ganzi kwa mbele. Watu husema ni nyonga za uzee. Wakati huo lita nzima ya damu inaweza kuwa imejikusanya humo huku ngozi haina alama yoyote. Ikiwa kigasha au mguu umevimba ukakaza na vidole vinawaka au vinakufa ganzi, hiyo ni dharura. Uvimbe wa ulimi, koo au shingo ni dharura pia, kwa sababu unaweza kuziba njia ya hewa. Na maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida kwake, hasa baada ya kuanguka, hayasubiri asubuhi.

Baba anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Si zitakuwa hizo tu?

Huenda ni hizo. Ndilo jibu la kwanza kila mtu hulifikiria, na ndilo linalowachelewesha wagonjwa wengi kuliko jingine lolote. Mzee mwenye umri huo ana uwezekano mkubwa wa kuwa anameza aspirini, wafarini au mojawapo ya dawa mpya, kwa hiyo lawama inatua hapo, dawa inasimamishwa, na anarudishwa nyumbani.

Kipimo ni siku zinazofuata. Dawa mpya za kumeza hutoka mwilini ndani ya siku chache kama figo zinafanya kazi. Aspirini huisha nguvu ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Zikishaisha na mavilio mapya bado yanatokea, dawa si mkosaji pekee. Rudini, na mseme hivyo hivyo: "Ameacha dawa tangu tarehe fulani, na hili hapa ni la juzi." Picha za simu zenye tarehe ni ushahidi mzuri kuliko maelezo.

Alipimwa damu, tukaambiwa chembe sahani na vitu vingine ni sawa. Mbona bado mnatilia shaka?

Naomba nikae hapa kidogo, maana niliwahi kufanya kazi kwenye benchi la maabara na nimeona jinsi karatasi za majibu zinavyosomwa.

Vipimo vya msingi vya ugandaji ni viwili: PT na APTT. Vyote hupima sekunde ambazo plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, inachukua kuganda, lakini kwa njia tofauti. Njia ya PT haipiti kwenye faktari ya nane, kwa hiyo PT itakuwa sawa. Chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia kuziba jeraha, nazo zitakuwa sawa, maana haziguswi na ugonjwa huu. APTT ndiyo inayopita pale palipoharibika, na ndiyo pekee itakayorefuka. Kwenye karatasi unaona mistari mingi ya kawaida na mmoja tu uliovuka kiwango, tuseme sekunde 78 wakati mwisho wa kawaida wa maabara hiyo ni 36. Jicho lenye haraka linasema "karibu vyote viko sawa".

Kwa mzee anayetoka damu, APTT iliyorefuka peke yake haipaswi kupitwa, hata kama imezidi kwa sekunde chache. Nikiwa na sentensi moja tu ya kumwambia daktari kijana wa zamu, ningemwambia hiyo.

Kabla ya kuiamini, hakikisha sampuli yenyewe ni safi. Chupa ya kipimo hiki, yenye kifuniko cha buluu, ina dawa ya kuzuia kuganda iliyopimwa kwa uwiano wa sehemu moja kwa sehemu tisa za damu. Isipojaa hadi kwenye mstari, majibu hurefuka kwa uongo. Damu ikivutwa kupitia mpira wa mshipani uliosafishwa kwa heparini, ambayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, majibu hurefuka kwa uongo vilevile. Chukueni upya kutoka mkono mwingine, dakika tano tu.

Kipimo cha kuchanganya plazima ni nini?

Ni kipimo chepesi chenye akili nyingi. Unachukua plazima ya mgonjwa, unaichanganya nusu kwa nusu na ya mtu mwenye afya, unapima APTT tena. Kama mgonjwa alikuwa amepungukiwa tu na faktari, ile ya mwenzake inaziba pengo na sekunde zinarudi kawaida. Kama kuna kingamwili, itaishambulia hata ile ya mgeni.

Mtego ni kwamba kingamwili hii ni ya polepole na inapenda joto. Ukipima mara tu baada ya kuchanganya, unaweza kuona sekunde zimeshuka vizuri, ukafurahi bure. Mchanganyiko unapaswa kukaa kwenye nyuzi joto 37 kwa saa mbili, kisha upimwe tena. Mfano: mgonjwa 78, mchanganyiko wa papo hapo 41, baada ya saa mbili 65. Huko kurudi juu ndiko saini ya ugonjwa.

Baada ya hapo hupimwa kiwango cha faktari ya nane, ambacho kitakuwa chini, na nguvu ya kingamwili kwa vizio vya Bethesda, jina lililotokana na mji wa Bethesda kule Maryland, Marekani. Kizio kimoja ni kiasi cha kingamwili kinachoharibu nusu ya faktari ya nane iliyo kwenye plazima ya kawaida ndani ya hizo saa mbili.

Namba ikiwa kubwa ndiyo hali mbaya zaidi?

Si kwa jinsi watu wanavyofikiri. Mgonjwa mwenye vizio vichache anaweza kutoka damu ya kumuua, na mwenye vizio vingi akawa na mavilio ya ngozi tu. Faktari ya nane iliyobaki kwenye vipimo, hata ikiwa asilimia 10, haimkingi kama ambavyo ingemkinga mwenye hemofilia ya kurithi. Namba hizi zina faida nyingine: zinasaidia kukisia matibabu yatachukua muda gani. Faktari iliyo chini ya asilimia 1, au kingamwili inayozidi vizio 20, huashiria safari ndefu.

Ni magonjwa gani yanayoweza kuchanganywa na huu?

Mawili ni muhimu. La kwanza ni kingamwili iitwayo antikoagulanti ya lupasi. Nayo hurefusha APTT na haisahihishwi na plazima ya mtu mwingine, lakini kwa kawaida huonekana papo hapo bila kungoja saa mbili, na mwenye nayo huwa katika hatari ya damu kuganda ovyo, si kutoka. Ukizichanganya hizo mbili, unaweza kumpa anayevuja damu dawa ya kuzuia damu kuganda. La pili ni upungufu wa faktari ya von Willebrand, protini inayoibeba faktari ya nane kwenye damu, unaompata mtu ukubwani, ambao nao hushusha faktari ya nane. Hupimwa sambamba ili kuuondoa kwenye orodha.

Kwa nini asiongezewe damu tu apone?

Damu ataongezewa ikiwa imepungua, na hilo linaokoa maisha. Lakini halizuii kuvuja. Plazima vilevile: faktari ya nane iliyomo humo inadakwa kama ile yake mwenyewe. Ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hata faktari ya nane ya binadamu iliyokolezwa hutumika tu pale kingamwili ikiwa dhaifu na hakuna kingine cha kushika.

Basi damu inazuiwaje?

Kwa dawa zinazoruka kile kiungo kilichokatika kwenye mnyororo. Zinazotumika zaidi ni faktari ya saba iliyoamshwa, inayotolewa mshipani mikrogramu 90 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa mbili au tatu, na mchanganyiko wa faktari zilizoamshwa, vizio 50 hadi 100 kwa kilo kila baada ya saa 8 hadi 12, bila kuzidi vizio 200 kwa kilo kwa siku. Ya tatu ni faktari ya nane yenye muundo wa nguruwe, ambayo kingamwili nyingi hushindwa kuitambua. Uzuri wake ni kwamba kiwango chake kinaweza kupimwa kwenye damu, wakati zile mbili unazifuatilia kwa macho, kwa hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) na kwa kupima mzingo wa mguu uliovimba.

Zote ni ghali na zote zinaweza kugandisha damu mahali pasipotakiwa: moyo, ubongo, mapafu. Kwa mtu wa miaka 77 mwenye presha na kisukari hili si jambo la nadharia. Kwa sababu hiyo vilio la ngozi lisilouma, lisilokua na lisiloshusha hemoglobini, mara nyingi huachwa bila dawa hizi, hata likiwa linatisha kulitazama. Ndugu huona ni uzembe. Mara nyingi ni busara.

Asidi ya traneksamiki husaidia damu ya mdomoni na puani. Kwenye mkojo wa damu huepukwa, kwani mabonge yanaweza kuziba njia ya mkojo.

Kingamwili yenyewe inaondolewaje?

Hii ni kazi ya pili, na kwa kawaida huanza mara utambuzi unapothibitishwa. Kukatisha damu bila kuigusa kingamwili ni kungoja itoke tena.

Msingi ni prednisoloni, dawa ya kushusha kinga, miligramu 1 kwa kilo kwa siku, kwa muda usiozidi wiki nne hadi sita kabla ya kupunguzwa. Huongezewa siklofosfamidi au rituksimabu, ambazo nazo hushusha kinga. Katika rejesta kubwa ya Ulaya ya wagonjwa 501, iliyochapishwa mwaka 2012, waliopewa prednisoloni peke yake walipata nafuu ya kudumu kwa asilimia 48, na waliochanganyiwa siklofosfamidi asilimia 70. Ungedhani basi kila mtu apewe mchanganyiko. Lakini idadi ya waliobaki hai haikutofautiana, kwa kuwa dawa kali nazo zina gharama yake mwilini. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2020 yanashauri kuanza kwa mchanganyiko kwa wale tu wenye faktari chini ya asilimia 1 au kingamwili zaidi ya vizio 20, na hata hapo mzee dhaifu huangaliwa kivyake.

Kitu gani kinaua zaidi?

Kwa wagonjwa wanaotibiwa, mara nyingi ni maambukizi, kuliko hata damu yenyewe. Utafiti wa Ujerumani na Austria wa wagonjwa 102 uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha hivyo. Kinga inashushwa ili iache kushambulia faktari ya nane, na inaposhuka, nimonia inaingia mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya rituksimabu mgonjwa hupimwa homa ya ini aina ya B, na wakati wa matibabu anaweza kupewa kotrimoksazoli, antibiotiki ya kuzuia maambukizi. Nyumbani, mjue kwamba prednisoloni inaficha homa. Mzee anayepumua haraka, amechanganyikiwa ghafla au amekataa kula, mpelekeni hata kama kipimajoto kinasema 37. Sukari nayo ipimwe mara kwa mara. Na prednisoloni haikatizwi ghafla kwa sababu "amechoka na vidonge".

Tumesikia kuna sindano mpya ya chini ya ngozi.

Ni emisizumabu, iliyobuniwa kwa hemofilia ya kurithi. Hufanya kazi ambayo faktari ya nane ingefanya, lakini kingamwili haiitambui. Japani iliiidhinisha kwa hemofilia ya ukubwani mwaka 2022. Mwaka uliofuata Wajerumani na Waaustria walichapisha majaribio ya wagonjwa 47 waliopewa sindano hii huku dawa za kushusha kinga zikicheleweshwa kwa wiki 12, na wengi wao hawakupata uvujaji mpya wa maana. Kwa mzee dhaifu hiyo ni habari nzito: anapata muda wa kupumua kabla ya kuguswa kinga.

Tahadhari mbili. Ikichanganywa na ule mchanganyiko wa faktari zilizoamshwa inaweza kuleta mabonge hatari kwenye mishipa midogo. Na inaifanya APTT ionekane nzuri wakati ugonjwa bado upo, hivyo maabara iambiwe mgonjwa yuko kwenye dawa hii ili itumie kipimo kingine cha faktari ya nane.

Tunaomuuguza tufanye nini, tusifanye nini?

Hakuna sindano ya msuli. Hakuna aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Parasetamoli inatosha kwa maumivu mengi. Asikandwe wala kuchuliwa sehemu iliyovimba. Hili nalisisitiza, kwa sababu mkono wa huruma ukikanda paja lenye damu ndani yake unaichochea iendelee kuvuja. Mswaki uwe laini. Zulia linaloteleza liondolewe, taa ya usiku iwashwe.

Wodini, zungusheni mpaka wa vilio kwa kalamu na kuandika saa. Wino ukivukwa, mwite daktari. Mashine ya presha isijibane yenyewe kila dakika kumi na tano kama hakuna haja.

Anaweza kung'olewa jino au kufanyiwa operesheni?

Isiyo ya lazima isubiri hadi kingamwili iishe. Ya lazima ifanywe pale penye mtaalamu wa damu na dawa zikiwa tayari mkononi.

Atapona baada ya muda gani? Ugonjwa hurudi?

Wengi hupona, kwa kawaida ndani ya wiki chache hadi miezi michache. Hurudi kwa sehemu ndogo ya wagonjwa, pengine mmoja kati ya watano au pungufu, mara nyingi ndani ya miezi ya mwanzo dawa zinapopunguzwa. Ndiyo maana faktari ya nane hupimwa kila mwezi kwa miezi sita, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu hadi mwaka utimie, kisha kila nusu mwaka. Vilio jipya katikati ya tarehe hizo halisubiri kliniki.

Amepona, lakini sasa daktari anamwandikia dawa ya kuzuia damu kuganda. Amekosea?

Hajakosea. Kingamwili ikiisha, faktari ya nane hupanda haraka na mara nyingi hupitiliza kiwango cha kawaida, huku mzee mwenyewe amelala kitandani wiki nyingi. Hali hiyo hukaribisha bonge la damu kwenye mshipa wa mguu. Muulizeni majibu ya mwisho ya faktari ya nane yalikuwa asilimia ngapi, naye atawaonyesha.